Mnamcheka Paka Anayekula Mende, Hamjicheki Wenyewe

Leo nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipunguze. Nina hasira kwa sababu ya paka. Ndiyo, paka. Wale wenye mambo makubwa ya kujadili, bajeti na Katiba na uchaguzi, watanivumilia. Hayo nayaandika gazetini siku sita kwa wiki, yanakatwa, yanatoka, yanafungiwa vitumbua. Hapa naandika kinachonikereketa.

Hebu nianze na swali. Umeshawahi kukaa sebuleni na watu, paka akatokea jikoni na mende mdomoni, mguu mmoja wa mende ukichezacheza nje kama antena ya redio ya mkulima? Watu wanafanya nini? Mmoja anapandisha miguu kwenye kochi. Mwingine anatoa simu apige picha. Wa tatu anasema "yaani huyu paka mchafu jamani". Na mwenye nyumba, hapa ndipo ninapochoka kabisa, mwenye nyumba anaomba radhi!

Anaomba radhi kwa lipi? Mende yuleyule jana usiku alikuwa anatembea juu ya sahani, na hakuna aliyeombwa radhi. Amekuja mmoja ndani ya nyumba hiyo akafanya kazi, tena bila mshahara, bila posho, bila semina elekezi, na yeye ndiye anayeonekana kituko. Huo ndio ujinga ninaotaka kuusema leo. Na kabla hamjaanza kuninyooshea vidole, naungama mapema kwamba mjinga wa kwanza ni mimi.

Nilikuwa na paka. Nilimwita Mhariri. Alikuja mwenyewe msimu wa masika, kalowa chapachapa, akaingia chini ya meza wakati naandika habari ya mafuriko ya Jangwani, akakaa. Jina alilipata wiki ya kwanza. Akipata kitu kizuri anakata kichwa, anakula cha katikati, anaacha mkia, na hatoi maelezo. Mwandishi yeyote aliyewahi kufungua gazeti asubuhi akizitafuta aya zake atanielewa.

Mimi ni mpangaji, chumba na sebule, Sinza. Mende tulikuwa nao wa aina mbili: wale wadogo wa kahawia wanaokaa jikoni, na wale wakubwa wekundu wanaotoka kwenye bomba la choo na kuruka kama helikopta ya kampeni. Mhariri aliwinda wote bila ubaguzi. Na kwa kuwa mimi huchelewa kulala, nikawa mtazamaji wake. Niwaambieni, hakuna tamthilia iliyonichekesha kama yule paka.

Kwanza, kusubiri. Alikuwa anakaa mbele ya ufa mmoja nyuma ya jokofu, nusu saa nzima, bila kutikisa sikio. Mimi nimesubiri mawaziri kwenye korido kwa miaka mitatu na sijawahi kusubiri kwa heshima kama ile. Nilidhani ana wazimu, maana ukutani hapakuwa na kitu. Kumbe kitu kipo, masikio yangu ndiyo mabovu. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La paka hufika karibu mara tatu ya hapo. Mimi nilikuwa nasikiliza feni. Yeye alikuwa anasikiliza miguu ya mende ikikwaruza saruji.

Pili, kiuno. Kabla ya kuruka alikuwa anashusha kifua, anainua makalio, kisha anatikisa kiuno kulia kushoto, kulia kushoto, kama mcheza mdundiko anayesubiri ngoma imkubali. Halafu anaruka, na mara nyingi anakosa. Akikosa na kuanguka chini, anakaa palepale na kuanza kujilamba mguu kwa utulivu kabisa, kama msemaji wa wizara baada ya takwimu zake kugundulika si za kweli. Hakuna kilichotokea. Nani kasema kuna kilichotokea?

Tatu, meno. Nondo akizunguka taa, Mhariri alikuwa anakaa chini akimtazama, taya zinamtetemeka, anatoa visauti vya kek-kek-kek kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mwenye paka atakuwa anatabasamu hapo. Wote wanafanya hivyo, wakiona ndege au mdudu wasiyemfikia.

Nne, kutoona. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mende akikimbia mbali, Mhariri anamwona hata gizani. Mende huyohuyo akisimama tuli chini ya pua yake, hamwoni! Nikasoma baadaye nikajua kwamba macho ya paka hayawezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita kama 25, ndiyo maana anapokaribia windo husukuma masharubu mbele, ayatumie badala ya macho. Basi utamwona anageuka huku na huku kumtafuta mende aliyesimama katikati ya miguu yake miwili ya mbele. Na mende naye katulia, anajua. Wahariri wengine nao wako hivyohivyo, lakini tuyaache.

Tano, jongoo. Kila masika jongoo waliingia barazani, na kila masika Mhariri alimgusa mmoja, jongoo akajikunja, Mhariri akamuuma, kisha akatoka mbio akitema mate na kutikisa kichwa, maana jongoo hutoa maji makali ya kujilinda. Kesho yake anarudia. Keshokutwa anarudia. Sikuweza kumlaumu. Nchi hii ina wapiga kura wangapi wa namna hiyo?

Na mwisho, kandambili. Asubuhi nilikuwa nakuta ndani ya kandambili yangu ya kushoto, daima ya kushoto, mabawa mawili na miguu kadhaa. Ripoti ya kazi ya usiku. Wataalamu wanaeleza kwamba paka hupeleka windo mahali anapojiona salama. Kwa hiyo mahali salama pa Mhariri duniani palikuwa kandambili yangu. Naomba mkumbuke hilo.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Jumamosi moja nilikaribisha mgeni. Sitamtaja, tuseme ni mtu ambaye nilitaka anione wa maana. Nilipika wali wa nazi mwenyewe, nikaazima glasi kwa jirani, nikaficha ndoo ya nguo nyuma ya mlango. Mambo yakawa yanakwenda vizuri. Ndipo Mhariri akatoka jikoni kwa mwendo wa taratibu, mende mkubwa mwekundu mdomoni, akapita katikati ya sebule, akamweka juu ya zulia mbele ya miguu ya mgeni, akainua uso na kumtazama.

"Hee! Paka wako anakula mende?"

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama ambavyo mtu yeyote angecheka. Kisha akatazama jikoni, akauliza polepole: "Kwa hiyo humu ndani mna mende wengi?"

Nilijisikia kama nimevuliwa shati. Chuo kikuu nimemaliza, jina langu linatoka gazetini, lakini kwa sekunde ile nilikuwa kijana mwenye mende, na aliyenitangaza alikuwa paka wangu. Nikamkemea Mhariri. Nikamfukuza nje kwa ufagio. Mende nikamtupa. Na moyoni nikaapa kwamba mgeni akija tena hatamkuta mende hata mmoja.

Jumatatu akapita yule kijana mwenye kipaza sauti. Mnamjua, yupo kila mtaa. Sauti imerekodiwa, inajirudia tangu asubuhi mpaka jioni: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, viroboto, siafu. Nikamwita. Akanipa chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha kutumika, ndani yake maji meupe kama maziwa yaliyochakachuliwa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Shilingi 1,500.

"Hii inaitwaje?" nikamuuliza.

"Kaka, jina la nini? Inaua."

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi ninayolipwa ni kuuliza swali la pili. Sikuuliza. Nikalipa, nikapulizia nyuma ya jokofu, kwenye ule ufa, chini ya sinki na kuzunguka choo. Nikafungua madirisha saa mbili, nikaona nimekuwa mwangalifu sana. Usiku nikamfungulia Mhariri mlango.

Kuna jambo sikulifikiria. Mende aliyepata sumu hafi papo hapo. Anatoka ufani mchana kweupe, anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, analala chali, anarusha miguu. Na kwa paka hakuna mchezo mtamu duniani kama huo. Windo lisilokimbia! Mhariri ambaye alikuwa anakosa mara nne katika tano, usiku ule hakukosa hata mara moja. Akikanyaga sakafu yenye sumu, anajilamba nyayo. Akimuuma mende mwenye sumu, anameza. Asubuhi kandambili yangu ilikuwa imejaa.

Jioni yake nikamkuta chini ya meza, palepale alipojificha siku ya kwanza. Mate yanamtoka. Masikio yanachezacheza, misuli ya mgongo inarukaruka chini ya manyoya kama kuna kitu kinatambaa. Nikamweka kwenye kikapu cha sokoni, nikapanda bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo.

"Mmetumia nini nyumbani?" daktari akauliza.

"Dawa ya mende."

"Dawa ya mende ipi, mdogo wangu?"

Nikatoa chupa. Akaigeuza. Juu yake palikuwa na picha ya mlima na maneno ya kusifu usafi wa maji. Akainusa, akaniwekea mezani, hakuonyesha hasira. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Ikiwa ni sumu ya jamii ya organofosfati, kuna dawa ya kuipinga, atropini. Ikiwa ni jamii ya permethrin, atropini si jibu. Hapo inabidi kutuliza mitetemeko, kumwosha na kumsaidia mwili mpaka sumu iishe. Tena hii ya pili ni mbaya zaidi kwa paka kuliko kwa mbwa, kwa sababu ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuivunja na kuitoa. Mbwa anaweza kupakwa dawa ya viroboto yenye permethrin akaenda zake. Paka akipakwa hiyohiyo anaweza kufa. "Sasa niambie," akasema, "mimi natibu ipi?"

Sikuwa na jibu. Alifanya alichoweza kufuatana na dalili. Mhariri alikufa saa nane usiku. Mpaka leo sijui nilimuua kwa nini. Lakini kwa nini nilimuua, hilo najua vizuri: nilimuua kwa aibu.

Sasa tusemezane.

Nianze na lugha yetu, maana nayo imeshiriki. Tunasema "dawa ya mende". Dawa! Mende alikuwa mgonjwa? Dawa inaponya, sumu inaua, na kile kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa sumu. Lakini neno dawa ni tamu, lina harufu ya hospitali na usafi, ndiyo maana mtu anaiweka kabatini pamoja na chumvi. Hebu fikiria yule kijana angepita mtaani kwako na kipaza sauti akitangaza: "Sumu isiyo na jina! Sumu kwenye chupa ya maji!" Ungemwita? Ungeipeleka jikoni?

Na kumbuka kwamba swali aliloniuliza daktari wa mifugo ndilo hilohilo utakaloulizwa hospitali siku mtoto atakapoichukua chupa ile akidhani ni maziwa au maji. Amekunywa nini? Utasema "dawa ya mende"? Nchi hii ina sheria. Mwaka 2020 ilitungwa Sheria ya Afya ya Mimea, ikaunda mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha, ambayo kazi yake mojawapo ni kuvisajili. Kiuatilifu halali kina lebo: jina, kiambato, jinsi ya kutumia, nini kifanyike mtu akidhurika. Lebo si pambo. Lebo ndiyo tofauti kati ya daktari anayejua anatibu nini na daktari anayebahatisha. Tunanunua chupa isiyo na lebo kwa sababu ni rahisi, halafu tunajiita wasomi.

La pili, unafiki. Hapa ndipo mtanichukia. Nendeni sokoni mkaulize bei ya kuku wa kienyeji na bei ya kuku wa kisasa. Kwa nini wa kienyeji ni ghali? Mtaniambia ni mtamu, nyama yake imekaza, haina madawa. Na kwa nini ni mtamu? Kwa sababu anazurura, anachakura, anakula anachokipata: mchwa, panzi, mabuu ya jalalani, na mende, ndiyo, mende, kwa furaha kubwa. Mvua ya kwanza ikinyesha kumbikumbi wakitoka, mmemwona kuku anavyokimbia na mabawa yanavyoning'inia mdomoni, huku wenzake watano wanamfukuza wamnyang'anye? Mnamwona hodari, mnamwambia mama amchinje Krismasi au Idi. Kuku akila mende anapanda bei. Paka akila mende anakuwa mchafu. Mantiki iko wapi?

Na sisi wenyewe je? Ndugu zangu wa Bukoba wako humu, hebu wasimame. Msimu wa senene ukifika, watu wazima, wenye shahada na vyeo, wanakesha kwenye taa kudaka panzi, wanawachambua, wanawakaanga, wanawatuma Dar kwenye ndoo kwa basi kama zawadi ya heshima. Nimekula, ni watamu, sina ugomvi. Ninachouliza ni kimoja: paka akikaa chini ya taa ileile akidaka panzi huyohuyo, kwa nini tunacheka? Yeye tofauti yake ni kwamba hakutia chumvi.

Halafu kuna wale wanaosubiri Ulaya iseme ndipo waamini. Haya, Ulaya imesema. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha kuku na nguruwe. Na huko vinauzwa vyakula vya mbwa na paka vilivyotengenezwa kwa mabuu ya nzi, vimefungwa vizuri, vinasifiwa kwamba vinatunza mazingira. Kumbe! Mabuu yakisagwa kiwandani na kutiwa kwenye pakiti yenye picha ya jani la kijani ni maendeleo. Paka wa Manzese akijitafutia mwenyewe ni umaskini.

Tena paka huyu hajaanza leo. Asili yake ni paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda panya, ndege, mijusi na wadudu. Kule Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa kando ya binadamu, kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Miaka yote hiyo mkataba wetu naye umekuwa mmoja: sisi tunaweka chakula, chakula kinaleta wadudu na panya, yeye anawala. Hajavunja mkataba. Hata akishiba anawinda, maana kwa paka njaa na kuwinda ni mambo mawili tofauti. Sisi ndio tuliobadili masharti tukaweka sumu mezani bila kumwarifu.

La tatu: sumu yenyewe inafanya kazi? Mwezi mmoja baada ya kumzika Mhariri nilikuwa na mende wengi kama zamani. Nikaanza kusoma, kazi ambayo ningeifanya kabla. Yule mende mdogo wa jikoni hubeba mfuko wa mayai 30 hadi 40. Unampulizia mama, anakufa, mayai yaliyomo ndani ya ule mfuko mgumu yanaweza kusalimika. Na katika sehemu nyingi za dunia mende hao wamejenga usugu dhidi ya sumu za jamii ya permethrin. Yaani sumu inayomuua paka wako ndiyo ambayo mende ameizoea. Huo ni mpango wa nani?

Tukumbuke pia kwamba permethrin ilitokana na kuiga sumu ya pareto, lile ua linalolimwa kwetu nyanda za juu kusini na kwa wenzetu Kenya. Pareto ya asili huvunjika haraka ikipigwa na jua. Wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrin mwaka 1973, na sifa yake kubwa ilikuwa kudumu juani. Shambani hiyo ni faida. Kwenye sakafu ambayo paka anakanyaga na kujilamba, na mtoto anatambaa na kunyonya vidole, kudumu ni sifa ya kuiogopa.

Na kama mnadhani nakuza mambo kwa ajili ya paka mmoja, sikilizeni kisa cha Sarawak, kwenye kisiwa cha Borneo. Miaka ya 1950 nyumba za huko zilipuliziwa DDT kupambana na mbu wa malaria. Nia ilikuwa njema. Lakini katika baadhi ya maeneo yaliyopuliziwa paka wakafa. Paka anasugua manyoya ukutani, kisha anayalamba. Wahenga walishasema, paka akiondoka panya hutawala. Mwaka 1960 jeshi la anga la Uingereza likapeleka paka zaidi ya 20 Bario, milimani, wakadondoshwa kwa miamvuli ili wakapigane na panya waliokuwa wanatishia mazao. Kisa hiki watu wamekitia chumvi mpaka paka wakawa maelfu, usiwaamini. Hao ishirini na kitu wanatosha. Binadamu walifika mahali pa kumvalisha paka mwamvuli na kumtupa kutoka angani, kwa sababu hawakujua thamani yake alipokuwa anazungukazunguka jikoni.

Najua mtakuja na hoja. Nazijibu.

"Mende wanaeneza magonjwa." Kweli. Wanabeba vijidudu vya kuhara, na mavi yao na magamba yao yanaamsha pumu. Sijasema tuishi nao. Nimesema tusiwaue kwa kitu tusichokijua.

"Paka mmoja hawezi kumaliza mende." Kweli tena. Mhariri hakuwa mkandarasi. Alikuwa anakosa mara nne katika tano, nimeshasema. Lakini kila aliyemkuta kwenye kandambili yangu ni mmoja aliyepungua, na hakuna aliyedhurika.

"Paka anaweza kupata minyoo kwa kula wadudu." Hii ndiyo hoja ya maana, na wengi hawaijui. Mende, nyenje na mbawakawa hubeba vijana wa minyoo fulani wa tumboni mwa paka na mbwa. Na mbwa akila mbawakawa wa mavi anaweza kupata mnyoo mbaya, Spirocerca lupi, unaokaa kwenye koo la chakula na unaweza kusababisha saratani. Jibu lake ni dawa ya minyoo, safari hii dawa kweli, kutoka kwa daktari wa mifugo, kwa ratiba. Kumcheka mnyama hakumtoi minyoo.

Basi tufanye nini? Yale ambayo mama zetu walituambia tukaona ya kishamba. Funika chakula. Usilaze vyombo vichafu. Pipa la taka liwe na mfuniko na litoke nje kila jioni. Ziba ule ufa kwa saruji; mimi wangu umegharimu chini ya bei ya chupa mbili za sumu na umefanya kazi kuliko chupa kumi. Rekebisha bomba linalovuja, maana mende anatafuta maji kuliko anavyotafuta wali wako. Mwenye nyumba akikataa kufunika shimo la maji machafu, msumbueni kama mnavyosumbuliwa kodi. Ikibidi kutumia sumu, nunua yenye lebo, isome, itunze, mtoe paka na mbwa na mtoto mpaka pakauke, na fagia wadudu waliokufa kabla mwenye njaa hajawakuta. Na yule mjusi kafiri aliye juu ya taa, anayekula mbu wako kila usiku, mwacheni. Mkimkimbiza na ufagio leo, kesho msilalamike kwamba neti imetoboka.

Yule mgeni wangu alikuja tena, miezi miwili baadaye. Akatazama huku na huku, akauliza: "Yule paka wako yuko wapi?" Nikamweleza yote, hadi chupa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini mimi nilimpenda. Nilicheka kwa sababu nilimpenda." Akaongeza kwamba kwao Tabata mende ni wengi kuliko kwangu, na hawana hata paka.

Ndivyo ilivyo, ndugu zangu. Nilimuua aliyekuwa upande wangu ili nimfiche mende kwa mtu ambaye naye ana mende. Mji mzima huu una mende. Wako Masaki, wako Manzese, wako chini ya meza ninayoandikia habari gazetini. Anayejifanya hana, ujue hajawasha taa usiku.

Wakati namalizia haya yule kijana mwenye kipaza sauti amepita dirishani. Nimetoka, nimemwuliza tena jina. Safari hii nimeuliza swali la pili, na la tatu. Umeitoa wapi? Nani kaichanganya? Amenitazama kama mwendawazimu, akaongeza sauti, akaenda zake. Mlango wa jirani umefunguliwa, mtu amemwita.